Wingi Si Ubora

Imekuwa mazoea kusema kuwa Windows imeenea kwa kuwa ni bora. Kompyuta saba hivi katika kila kumi za mezani duniani huiendesha. Basi, husema watu, walimwengu wote hawawezi kukosea. Hoja hii ni dhaifu, na kijana msomi asiipokee kabla ya kuipima.

Kinachowafunga watu si mfumo, ni nyaraka. Ofisi iliyoandika barua na hesabu zake kwa Word na Excel miaka thelathini haina budi kushikamana na chombo kiwezacho kuzifungua bila kuzivuruga. Maelezo ya muundo wa faili za kale za Word yaliwekwa wazi kwa kila mtu mwaka 2008, miaka 25 baada ya programu hiyo kuzaliwa. Kwa sehemu kubwa ya muda huo maneno yalikuwa mali ya mwandishi, lakini ufunguo wa sanduku ulikuwa kwa mwenye duka.

Utazameni mji wa Munich, Ujerumani. Mwaka 2003 baraza lake liliamua kuhamia Linux, na kufikia 2013 kompyuta zaidi ya 14,000 zilikuwa zimekwisha hamishwa. Taabu kubwa ilikuwa katika maelfu ya fomu na vielelezo vya barua vilivyotungwa kwa programu ya zamani, na katika hati zilizobadilishana na ofisi za nje. Mwaka 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Watetezi wa Windows hushangilia habari hii. Mimi naiona kuwa shahidi wangu: ikiwa mji tajiri namna ile ulisumbuka hivyo kujinasua, shule yenye kompyuta kumi itasemaje?

Wala lugha si udhuru. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi isemayo Kiswahili, bila malipo.

Nitaambiwa kuwa wanafunzi hawana budi kujifunza kile watakacho waajiri. Lakini waajiri nao hutaka kile walichofundishwa shuleni! Sisi walimu tumefundisha vitufe vya programu moja tukaviita elimu ya kompyuta. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikakomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi zilizo nzima zikahesabiwa hazifai kupokea Windows 11. Mashine hizo zingali zaweza kuendesha Linux na LibreOffice. Shule na zianze kuhifadhi kazi zake katika muundo wa OpenDocument, uliokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa tangu 2006, kabla ya kununua kompyuta nyingine hata moja.