Nani Aliyeijenga M-Pesa?

Ijumaa moja baada ya mshahara, katika chumba cha watu sita hapa Muaither, Qatar, ubishi ulizuka wali ukiwa bado motoni. Mwenzetu mmoja alikuwa amemtumia mama yake pesa Kisumu kwa M-Pesa, na hata simu hajaiweka chini, mama akapiga kusema amezipata. "Mungu ambariki Michael Joseph," akasema. Kijana wa Tanga akacheka: "Kwani ni yeye aliyekutumia?" Wali uliungua.

Joseph ana haki yake. Alipoanza kuiongoza Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, mwaka 2000, ilikuwa na wateja wasiofika 20,000. Alipoondoka mwaka 2010 walikuwa wamepita milioni 16, na M-Pesa ilizinduliwa zamani zake, Machi 2007. Alithubutu kuitandaza nchi nzima kwa mpigo, wakati Benki Kuu ilikuwa haina hata sheria ya jambo hilo.

Lakini wazo halikuwa lake. Lilikuwa la Nick Hughes wa Vodafone, kampuni yenye hisa katika Safaricom, aliyesaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, na Susie Lonie ndiye aliyekwenda Kenya mwaka 2005 kulijaribu. Nao walikusudia kitu kingine: watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wateja wa majaribio wakawaharibia hesabu, wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Kampuni ikaiacha mikopo, ikauza kile ambacho wateja walikuwa wameshajitengenezea.

Halafu yuko wakala wa M-Pesa, na hapa ndipo mimi nasimama. Mwisho wa mwezi mjini watu wanaweka, kijijini wanatoa. Kwa hiyo wakala wa mjini anaishiwa floti, yaani pesa za kwenye simu, huku noti zimemjaa, na mwenzake wa kijijini ana floti tele lakini droo tupu. Noti haziruki hewani kama ujumbe: lazima mtu azipeleke benki au azibebe ndani ya matatu, akiomba asikutane na wezi. Rangi ya kijani ukutani ni ya kampuni. Mtaji ni wa wakala, na hasara ya kuibiwa humwangukia yeye.

Mwenye shaka aitazame Afrika Kusini. M-Pesa ilifika huko mwaka 2010, na Joseph, baada ya kutoka Safaricom, alipewa na Vodafone kazi ya kusimamia pesa za simu. Mtu yule yule, jina lile lile. Mwaka 2016 ikafungwa. Wengi huko walikuwa na akaunti za benki, na mawakala hawakuenea vya kutosha.

Hapa Doha nasi tuna Joseph wetu. Akbar Al Baker aliongoza Qatar Airways tangu 1997 hadi 2023, na wengi tulioletwa na ndege zake humtaja kana kwamba alizichonga kwa mkono. Gesi iliyo chini ya bahari, iliyoipa dola inayomiliki shirika hilo uwezo wa kununua ndege hizo, haitajwi. (Mimi mwenyewe nimewahi kumsifu hivyo, tena kwa sauti kubwa.)

Katika toleo hili tumewapa mawakala kurasa tisa. Joseph ana moja, yenye picha. Kijana wa Tanga anasema hata hiyo ni nyingi.