NANI ATUANDIKIA SHERIA YA MAWIMBI YETU?

Wako mabwana wasemao ya kwamba mambo ya waifai ni ya mafundi, na kwamba mwananchi hana haja ya kujisumbua nayo: anunue mashini yake, achomeke waya, basi. Sisi twasema hasha! Jambo lolote liwezalo kumwambia Mtanzania ndani ya nyumba yake, "hapa sema, pale nyamaza," ni jambo la Serikali, na jambo la Serikali ni la wananchi.

Tulieleze kwanza jambo lenyewe, maana wengi hawajaelezwa. Kila kompyuta, kila simu na kila ruta itumayo mawimbi pasipo waya inayo ndani yake orodha ya sheria. Orodha hiyo husema: katika nchi fulani mawimbi ya kutoka megahezi hizi mpaka hizi yameruhusiwa, upana wa njia usizidi huu, nguvu isizidi hii, masafa haya ni ya ndani ya nyumba tu, na haya mengine, sikiliza kwanza kama iko rada kabla hujafungua kinywa. Kila nchi ina herufi zake mbili. Tanzania ni TZ, Kenya ni KE, Uganda ni UG. Kompyuta ziendazo kwa Linux, pamoja na ruta nyingi zilizojengwa juu ya Linux hiyo hiyo, huzipata sheria hizo katika faili moja la wazi, ambalo hutiwa sahihi na mtunzaji wake ili mashini ikatae orodha iliyochezewa. Faili hilo halitunzwi na Serikali yetu, wala na Serikali nyingine. Latunzwa na mafundi wachache walio mbali nasi. Hatuwalaumu. Wameifanya kazi ambayo wenye nchi hawakuifanya.

Na kabla ya faili hilo mambo yalikuwaje? Mpaka kufikia mwaka 2008, kanuni zilizoandikwa ndani ya kiini cha Linux zilikuwa za wakubwa watatu tu: Marekani, Japani na Ulaya. Afrika yote haikuwamo. Mtu wa Tabora au wa Kisumu alikuwa na ruhusa ya kuchagua awe Mmarekani, Mjapani au Mzungu wa Ulaya. Kuwa mtu wa kwao haikuwezekana.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1906, mwezi wa Novemba, mataifa yalikutana Berlin yakatia sahihi mapatano ya simu ya upepo. Ni mji ule ule ambamo mabwana walikwisha kugawana Afrika mwaka 1884 na 1885. Siku walipokuwa wakitia sahihi, wazee wetu wa kusini walikuwa wakifa katika Vita vya Maji Maji, na wenye kuwapiga ndio waliokuwa wenyeji wa mkutano. Basi hewa iliyo juu ya Songea na Kilwa iliwekewa kanuni na watu waliokuwa wakiteketeza mashamba yaliyo chini yake. Leo hatuna mkoloni wa namna hiyo, na katika Shirika la Mawasiliano la Kimataifa huko Geneva tunacho kiti chetu kama taifa lolote. Lakini kiti cha Geneva hakifiki ndani ya ruta. Serikali yaweza kupanga masafa yake vizuri sana kwenye karatasi, nayo mashini iliyo sebuleni ikaendelea kutii karatasi ya nchi nyingine.

Tazama mashini isiyojua iko wapi. Hiyo hupewa herufi za wasio na kwao: sufuri mbili, yaani "dunia." Mwenye sufuri mbili aruhusiwa kusema katika njia ya 1 mpaka ya 11 za masafa ya megahezi 2400. Njia ya 12 na ya 13 asikilize tu, asianzishe neno. Masafa ya megahezi 5000 hali kadhalika: asianzishe mtandao wake mwenyewe. Basi shule ya kijiji itakayo kuunganisha darasa na ofisi ya mwalimu mkuu kwa masafa ya 5000 yaambiwa ikae kimya, hata pale Serikali yake ilipokwisha kuruhusu. Aliyewanyamazisha hakuchaguliwa na mtu.

Lakini la sufuri mbili ni afadhali kuliko la jirani. Ruta hutangaza hewani, pamoja na jina lake, herufi za nchi yake. Ziko kompyuta nyingi zinazosikiliza matangazo hayo na kuyaamini. Kwa hiyo jirani yako akileta ruta kutoka ng'ambo, akaiwasha vile vile ilivyotoka kiwandani, kompyuta yako iliyo Ilala yaweza kusadiki ya kwamba iko Marekani. Tangu hapo haitasema katika njia ya 12 wala ya 13, kwa kuwa mashini za sheria ya Kimarekani kwa kawaida haziendi huko, nawe utakaa ukimlaumu fundi na kuipiga mashini makofi.

Sasa tumgeukie ndugu mwingine, na huyu hatutamwonea haya. Ni yule ajuaye vizuri kuandika TZ, lakini huandika US kwa makusudi ili apate nguvu zaidi. Katika baadhi ya masafa ya juu Marekani huruhusu mpaka wati 4 zikihesabiwa pamoja na antena, hali Ulaya, katika masafa ya 2400, haipiti miliwati 100. Ndugu huyu hujiona mjanja. Kwa kweli amevua vazi la nchi yake akavaa la mgeni ili apate kupiga kelele katika nyumba ya wenzake. Jirani naye huongeza nguvu ili asikike, na wa tatu huongeza tena, mwisho wake mtaa mzima hausikilizani.

Tena madhara yake hayaishii mtaani. Mwaka 2009, huko San Juan katika kisiwa cha Puerto Rico, mitambo ya waifai ya masafa ya 5000 ilionekana kuivuruga rada ya hali ya hewa inayolinda ndege karibu na uwanja. Rada hizo hutumia megahezi 5600 mpaka 5650. Ndiyo maana kanuni za Ulaya zataka mashini isikilize dakika nzima kabla ya kusema katika masafa ya rada, na katika hayo ya hali ya hewa isikilize dakika 10. Nasi tunazo rada zetu za hali ya hewa, Dar es Salaam na Mwanza. Masafa yake yajulikana na Serikali yetu, si na mtengenezaji wa ruta.

Wamarekani wenyewe hawachezi katika jambo hili. Mwaka 2016 tume yao ya mawasiliano iliitoza kampuni ya TP-Link dola 200,000, kwa sababu ruta zake ziliwawezesha wenyeji kubadili nchi na kupita nguvu iliyowekwa. Je, ruta kama hizo zikishuka katika bandari yetu, nani atazame herufi zake? Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, huidhinisha aina za vyombo. Ni vyema. Lakini chombo huidhinishwa mara moja, na programu yake hubadilika baadaye, usiku, mwenyewe akiwa amelala.

Wengine hushauri: basi viwanda vifunge kila kitu, mtu yeyote asiweze kugusa. Huo ni ushauri wa kuweka kufuli na kumwachia mgeni ufunguo. Serikali yetu ikibadili kanuni kesho, tutakwenda kukiomba kiwanda, nacho kitajibu ya kwamba ruta hiyo ni ya zamani na haitapata programu mpya. Faili la wazi ni afadhali mara kumi. Mlango wake hauna bawabu: mtu yeyote aweza kupeleka marekebisho, mradi aonyeshe hati ya Serikali inayothibitisha tarakimu zake.

Na hapo ndipo kazi ilipo. Hati hiyo na iwepo, iwe hadharani, yenye tarakimu kamili za masafa, upana na nguvu, siyo kurasa za maelezo ambazo fundi wa ng'ambo atazisoma akabahatisha. Na awepo karani mmoja, huyo tu, ambaye siku Gazeti la Serikali linapochapa kanuni mpya, naye siku hiyo hiyo apeleke marekebisho ya mstari wa TZ, aufuatilie mpaka uingie. Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki laweza kuwafanyia vivyo hivyo wanachama wake wote, kwa kuwa mawimbi ya Namanga hayaulizi pasipoti.

Wasije wakasema haraka ya nini. Marekani ilifungua megahezi 5925 mpaka 7125 kwa waifai mwaka 2020. Ulaya mwaka 2021 ilifungua 5945 mpaka 6425 tu. Na katika mkutano wa Dubai wa mwaka 2023, masafa ya 6425 mpaka 7125 yalitambuliwa kwa ajili ya simu za mkononi katika Kanda ya Kwanza, ambayo ndiyo ya Ulaya na Afrika. Ruta yenye US ndani yake haijui habari za Dubai. Itasema humo humo ambamo nchi yetu yaweza kuwauzia leseni wenye minara, kisha tutashangaa kwa nini simu hazisikiki.

Nawe mfanyabiashara wa Kariakoo, usingoje karani. Ruta ikitoka katika boksi iwashe mbele ya mnunuzi, uiandike TZ, umwonyeshe, ndipo upokee fedha.