Kona ya Ufundi: Adui ni Unyevu Kuliko Baridi



Toleo hili tunajibu swali la mwanachama wa mwaka wa kwanza. Ana sanamu 10 ndogo za plastiki, kila moja haizidi urefu wa kidole gumba, na anataka kumpelekea mdogo wake likizo ya Desemba. Ameshaziunganisha kwa gundi, bado rangi. Lakini huku Uingereza mvua haikatiki, na bwenini kwake ni marufuku kupuliza rangi. Anauliza: asubiri mpaka majira ya kuchipua?

Wahenga wametuachia majibu mawili: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Safari hii yote mawili ni kweli.

Kwa wasioujua mchezo huu, sanamu hizi ni za vita vya mezani, kama Warhammer ya kampuni ya Games Workshop iliyoko Nottingham. Unazipaka rangi mwenyewe. Kwanza hupakwa praima, yaani rangi ya msingi, kwa sababu rangi za juu hazishiki vizuri kwenye plastiki tupu. Watu wengi huipuliza kutoka koponi. Ikiharibika, macho na vidole vya sanamu hufukiwa, na kuibandua ni kazi kubwa kuliko kuipaka. Kwa bei ya boksi moja, mwanafunzi anaweza kula wiki nzima.

Hali ya hewa inaingiaje hapa? Fikiria glasi ya maji baridi inavyotokwa jasho Mombasa au Muscat. Mvuke uliomo hewani ukigusa kitu baridi hugeuka maji. Praima inapopulizwa, majimaji yanayoyeyusha rangi huruka upesi na kuondoka na joto, kama spiriti inavyopoza ngozi kabla ya sindano. Sanamu ikipoa kupita kiasi, jasho hutokea juu ya rangi mbichi na kunaswa humo. Rangi hukauka ikiwa na ukungu mweupe, au haishiki kabisa.

Tupige hesabu kidogo. Hewa ikiwa na nyuzijoto 10 na unyevu wa asilimia 90, jasho huanza sanamu ikipoa hadi nyuzi 8.5 hivi. Hiyo ni nafasi ya nyuzi 1.5 tu. Unyevu ukiwa asilimia 60, jasho halianzi mpaka nyuzi 2.5 hivi, kwa hiyo una nafasi ya nyuzi 7.5. Baridi ni ile ile, lakini siku ya pili inapulizika.

Baridi nayo ina madhara yake: nguvu ya gesi koponi hupungua, na rangi hutoka kwa matone makubwa badala ya vumbi laini. Basi fanya hivi:

Kwanza, angalia unyevu kwenye simu, si nyuzijoto peke yake. Tafuta saa ambayo uko chini ya asilimia 70. Mara nyingi ni kati ya saa saba na saa tisa mchana. Usichelewe, maana Desemba jua la London huzama karibu saa kumi.

Pili, sanamu na kopo vikae ndani penye joto mpaka dakika ya mwisho. Kopo likiwa baridi, lisimamishe kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha likaushe. Usilichemshe wala usiliweke juu ya hita. Likizidi nyuzi 50 linaweza kulipuka.

Tatu, toka nje, vaa barakoa, tikisa kopo dakika 2. Simama sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye sanamu, anza kupuliza pembeni yake, kisha pitisha mkono haraka. Tabaka mbili nyembamba zinashinda moja nene. Zikaushe mahali pakavu penye hewa, si chumba unacholala, na uziache siku nzima.

Nne, ukikosa mchana mkavu, nunua praima ya maji ya kupaka kwa brashi. Hiyo unaweza kuipaka ndani, dirisha likiwa wazi kidogo. Inachukua muda, lakini sanamu 10 zinamalizika jioni moja. Ziache zikauke usiku kucha.

Kwa hiyo, mwenzetu, usisubiri majira ya kuchipua. Jipe siku 7 za kuvizia mchana mkavu. Siku ya 8, hata mvua ikinyesha, shika brashi. Mdogo wako hatajua uliitumia njia gani, ila ataona kama macho ya sanamu yanaonekana.

Na mwenye neno zuri kuliko "praima" atuandikie. Walimu pia mnakaribishwa.