CHIRIKU SI KWELEA

Mwezi uliopita, ulezi ulipoanza kushika punje, tuliwaambia vijana sita wa madrasa yetu waende wakalinde shamba la dada yetu, lililo juu katika mitelemko ya Kilimanjaro. Tuliwausia kwa maneno haya haya: "Mkiwaona kwelea, msiwaonee huruma." Wakaenda na manati zao. Jioni walirudi na ndege saba waliofungwa miguu kwa ugwe mmoja, nao wakingoja tuwasifu. Tuliupokea ule ugwe, tukakaa barazani tukawatazama ndege wale mmoja baada ya mmoja, na sifa zikatukwama kooni. Hapakuwa na kwelea hata mmoja.

Kosa halikuwa la vijana. Sisi ndio tuliowatuma wakaue ndege tusiyewafundisha kumjua. Basi, wapenzi wasomaji, tumeona ukurasa wetu wa mwezi huu tuutoe kwa ajili ya huyu aliyeonewa, maana katika wale saba watano walikuwa wa kabila lake.

Jina lake ni chiriku. Jina hili halina mgeni katika nyumba zetu, kwani mtoto mwenye maneno mengi huambiwa, "Wewe chiriku wewe!" Lakini wanaolitamka ni wengi, na wamjuao mwenye jina ni wachache. Tena chiriku wako aina nyingi. Wako wenye rangi ya manjano nzuri, ambao macho huwapenda upesi; huyu wetu amevaa rangi ya udongo, na kwa sababu hiyo hupita mbele ya watu asitazamwe. Wataalamu humwita Crithagra striolata. Neno hilo la pili, lenye maana ya mwenye michirizi, alipewa mwaka 1840 na Mjerumani Eduard Rüppell, aliyekuwa amesafiri katika nchi ya Uhabeshi. Zamani alihesabiwa katika jinsi moja na yule ndege wa visiwa vya Kanari afugwaye majumbani kwa uzuri wa sauti yake, hata wataalamu walipopima chembe za urithi wakamtoa huko na kumweka na jamaa zake wa Afrika.

Yeye ni mwenyeji wa nchi za juu, tangu Eritrea na Uhabeshi, kupita Kenya na Uganda, hata Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na huku kwetu kaskazini ya Tanzania. Ndugu zetu wa pwani wasijisumbue kumtafuta, kwani huanza kuonekana panapokaribia mita 1,300 juu ya bahari, na katika milima mirefu hupanda hata akapita mita 4,000, mahali ambapo sisi tukifika twatetemeka kwa baridi. Wala si ndege wa mwituni ndani. Hupenda vichaka, kingo za msitu, mashamba na bustani za watu.

Sasa tuje kwenye kumtambua. Urefu wake ni kama sentimita 15. Mtazame kwanza kifuani: kifua na ubavu vina michirizi mizito myeusimyeusi juu ya rangi hafifu, kana kwamba mtu amepitisha kalamu ya wino juu chini. Kisha mtazame jicho. Juu yake pana mstari mpana mweupe, mfano wa nyusi ya mzee. Mdomo wake ni mnene, mfupi, wa rangi ya kijivu au hudhurungi, wala hauwi mwekundu. Mbawa zake zina ukingo wenye ukijanikijani kidogo. Dume na jike hufanana, hivyo usipoteze wakati kuwatenganisha.

Ama kwelea, yeye ni mdogo kuliko huyo, kifua chake hakina michirizi mizito, na mdomo wake ni mwekundu karibu mwaka mzima, ila jike wakati wa kutaga huugeuza ukawa wa manjano. Naye ni ndege wa tambarare kavu. Hatumwonei tunapomlaumu: inasadikiwa kwamba hakuna ndege wa mwituni mwenye idadi kubwa kuliko yeye duniani. Kila mmoja hula kama gramu 10 kwa siku, basi kundi la milioni moja humaliza tani 10 kabla ya jua kutua. Hata kiota huwatofautisha. Kwelea husuka kifuko cha majani chenye mlango ubavuni, maelfu kwa maelfu katika miti ya mahali pamoja. Chiriku hujenga kikombe kidogo kilicho wazi juu, peke yake kichakani.

Yuko na jamaa yake mwingine papa hapa mlimani, mkubwa zaidi na mwenye mdomo mnene mno, aliyepewa jina la Richard Burton, yule Mwingereza aliyetoka Unguja mwaka 1857 kwenda ziwa Tanganyika. Huyo hukaa kimya ndani ya msitu, na watoto wenye manati hawakutani naye. Afadhali yake.

Tulipomweleza dada yetu haya yote, alitusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kaka, hayo ya mdomo na nyusi nimeyasikia. Huyo ndege wenu hali ulezi wangu?"

Swali lake lilikuwa la haki. Tulimjibu kwamba hula. Tuliwapasua wale watano, na katika wawili tulikuta punje za ulezi. Lakini katika wote watano zilijaa mbegu ndogo nyeusi za magugu, yale yale anayoinamia dada yetu kwa jembe kila msimu. Chiriku huishika mbegu pembeni mwa mdomo, huizungusha kwa ulimi, ukingo wa mdomo ukaipasua, na ganda likaanguka chini. Makinda nayo huwatapikia mbegu zilizolainika. Huja wawili wawili, au kikundi kidogo. Haji kama wingu. Dada yetu alipima kwa kichwa chake, akasema atamwachia sehemu hiyo, lakini madebe yaendelee kupigwa.

Basi vijana sasa hulinda kwa madebe na makelele, na manati zimetundikwa nyumbani kwetu. Mmoja wao amekwisha kuona kikombe cha chiriku katika ua wa shamba, naye hataki kuwaonyesha wenzake. Mwingine angali anashindana nasi kwamba yule wa tano alikuwa shomoro. Tumemwambia shomoro wetu hana michirizi kifuani, akatujibu kwamba alipompiga jua lilikuwa machoni.