MALI BILA DAFTARI: NANI ALIPE KITI KILICHOHARIBIKA GEREJI?

Katika biashara ya magari yaliyokwisha kutumika kisiwani Pemba, mnunuzi akishasikiliza injini hufungua mlango na kutazama ndani. Hukagua viti, dashibodi, kapeti na paa. Gari lenye injini nzima lakini kiti chake cha mbele kimeungua na dashibodi imepasuka huanza kushushwa bei kabla mwenyewe hajataja yake. Kwa mfanyabiashara, basi, sehemu ya ndani ya gari si pambo. Ni sehemu ya mtaji, na inapoharibika ni mtaji uliopungua.

Jambo hili lina uzito zaidi Pemba kuliko mahali pengi. Magari mengi yanayotembea kati ya Mkoani, Chake Chake, Wete na Konde yalitumika Japani kabla ya kufika visiwani. Wapo walionunua kwa fedha za karafuu, wapo walioletewa fedha na ndugu walioko nje, na wapo watu wawili au watatu waliochangishana ili gari moja lifanye kazi ya teksi au ya kubeba mizigo. Kwa watu hawa gari ndilo duka lao. Tena kiti, kitasa cha ndani au kifuniko cha dashibodi kisipopatikana Chake Chake huagizwa Unguja au Dar es Salaam, na mwenye gari hulipa bei ya kitu, nauli ya bahari na siku za kungoja.

Hasara ambayo haizungumzwi sana ni ile inayotokea gari likiwa mikononi mwa fundi. Gari hupelekwa kubadilishiwa oili likarudi na alama za mikono yenye grisi kwenye viti. Fundi wa kuchomelea hutengeneza sakafu iliyoliwa na kutu, cheche ikaruka na kutoboa kapeti. Betri huwekwa juu ya kiti "kwa dakika moja tu", tindikali ikavuja na baada ya siku chache kitambaa kikachanika chenyewe. Fundi umeme huing'oa dashibodi kwa bisibisi, vibanio vya plastiki vikavunjika, na kutoka siku hiyo gari likawa linalia kila linapopita kwenye shimo. Wakati wa masika gari huachwa uani vioo viko chini, mvua ikaingia, na wiki ya pili ndani kunanuka ukungu.

Karibu hasara zote hizo si za makusudi. Hakuna fundi anayeamka asubuhi akakusudia kumchomea mteja wake kiti. Hata hivyo, kutokukusudia hakurudishi kitambaa kilichoungua. Swali la kibiashara linabaki palepale: nani alipe?

Jibu lililozoeleka ni "bahati mbaya". Mwenye gari hununa, fundi huomba radhi, na hasara yote hubaki kwa mwenye mali. Mara nyingine huwa kinyume chake: mwenye gari hukataa kulipa ujira wote, fundi huzuia gari, na kazi ya siku moja ikawa ugomvi wa mwezi. Njia zote mbili ni mbaya kwa soko. Ya kwanza inamfundisha fundi kwamba uzembe hauna gharama. Ya pili inamfundisha kwamba mteja ni adui.

SHERIA INASEMAJE

Wapo wanaodhani kwamba mambo ya gereji hayana sheria. Si kweli. Sheria ya mikataba iliyorithiwa Zanzibar, ambayo katika vitabu vya sheria vya visiwani ilikuwa Sura ya 149, ilichota misingi yake katika Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Sheria hiyo ya India ina mlango mzima juu ya mali anayokabidhiwa mtu kwa kazi maalumu kisha airudishe. Gari lililoachwa gereji ni mali ya namna hiyo.

Misingi yake mikuu inaeleweka hata na asiyesoma sheria. Kwanza, aliyekabidhiwa mali lazima aitunze kama mtu mwangalifu wa kawaida anavyoitunza mali yake mwenyewe ya thamani ileile. Pili, kama aliitunza hivyo na bado ikaharibika, hawajibiki, isipokuwa kama kulikuwa na mapatano mengine. Tatu, aliyekabidhiwa akiitumia mali nje ya mapatano, hubeba madhara yatakayotokea katika matumizi hayo. Kwa hiyo fundi anayechukua gari la mteja kwenda harusini Wete usiku, kiti kikamwagikiwa mchuzi, hawezi kusema ni bahati mbaya ya kazi. Haikuwa kazi.

Upande wa pili nao una haki yake. Fundi aliyetia nguvu na ujuzi wake kwenye gari ana haki ya kulizuia mpaka alipwe ujira wa kazi hiyo. Mwenye gari anayegoma kulipa kwa sababu ya doa kwenye kiti humpa fundi sababu ya kulikalia gari. Lililo la busara zaidi ni kulipa ujira wa kazi iliyofanyika, kuandika kwenye risiti kwamba madai ya kiti bado yapo, na kuondoka na gari. Gari linalotembea linaingiza fedha wakati mazungumzo yanaendelea.

Halafu lipo lile tangazo la ukutani: "Gari huachwa kwa hasara ya mwenyewe." Wenye gereji wengi huliamini kama hirizi. Mwaka 1949 Mahkama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya Bibi Olley dhidi ya hoteli ya Marlborough Court. Mali yake, pamoja na koti la manyoya, iliibwa chumbani, na hoteli ikaelekeza kwenye tangazo lililobandikwa ukuta wa chumba hichohicho. Mahkama ilisema mapatano yalikwisha kufanyika mapokezi kabla mgeni hajaliona tangazo, kwa hiyo halikumfunga. Funzo kwa gereji ni jepesi. Sharti ambalo mteja hakulijua wakati wa kukubaliana ni vigumu kumfunga baadaye, hasa likiwa limebandikwa nyuma ya matairi mabovu.

KIASI GANI NI HAKI

Ugomvi mwingi hauhusu nani alaumiwe bali kiasi. Mwenye gari hudai kiti kipya. Fundi hujitolea kununua kopo la rangi. Haki iko katikati, na hesabu yake inawezekana.

Chukuliwe mfano wa hesabu tu, ambao si bei ya soko. Teksi imepelekwa kubadilishiwa oili kwa ujira wa Sh. 40,000. Betri ikavuja, kiti cha dereva kikaliwa na tindikali. Kushonesha kitambaa upya ni Sh. 120,000. Gari limesimama siku 3 kungoja fundi viti, na kila siku linamwingizia mwenyewe Sh. 25,000 baada ya mafuta. Hasara yote ni Sh. 195,000, karibu mara 5 ya ujira wa fundi. Hapo ndipo panapoonekana kwa nini mafundi hukimbilia neno "bahati mbaya". Kipato cha kazi ile hakiwezi kubeba hasara yake.

Lakini hesabu haijaisha. Kitambaa kilichoharibika hakikuwa kipya. Kama kilikwisha kuchakaa nusu, mwenye gari atakayeshonewa kipya bila kuchangia chochote atakuwa amepata faida juu ya ajali. Fidia ni kumrudisha mtu alipokuwa, si kumpandisha ngazi. Ama siku 3 za kusimama, sheria ya mikataba hutazama hasara inayotokana na kosa kwa kawaida yake, au ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Fundi aliyejua kuwa gari ni la teksi hawezi kushangaa akidaiwa siku hizo. Na mwenye gari naye hatazamiwi kulaza gari mwezi mzima ili deni likue, kwani sheria humtaka apunguze hasara kwa njia zilizo mbele yake.

Lipo pia suala la hali ya awali. Gari lililobeba magunia ya karafuu mbichi na makonyo msimu mzima, au ndoo za samaki kutoka bandarini, lina madoa yake. Mwenye gari anayemtwisha fundi madoa ya msimu uliopita hamdhulumu fundi peke yake. Anaharibu pia madai ya kweli ya wengine watakaokuja kesho.

BIMA SI JIBU LA KILA KITU

Wengi huuliza kama bima italipa. Magari mengi ya biashara ndogo yana bima ya lazima tu, ile ya mtu wa tatu. Bima hiyo ni kwa madhara ambayo gari limewafanyia wengine, na haigusi kiti cha mwenye gari mwenyewe. Bima kubwa huenda ikagusa, lakini masharti hutofautiana, na ipo sehemu ya mwanzo ya hasara ambayo mwenye bima huibeba mwenyewe. Kwa kiti kimoja, sehemu hiyo inaweza kumeza madai yote. Mwenye magari mawili au matatu afadhali aulize kwa wakala wake kabla ya kusaini: gari likiharibika mikononi mwa fundi, nani analipa?

FUNDI NAYE ASIKILIZWE

Itakuwa si haki kuandika juu ya mteja tu. Fundi wa Pemba hufanya kazi chini ya mwembe au kibanda cha mabati, mara nyingi bila maji ya bomba karibu, na vijana wanaojifunza kazi ndio wanaoingia na kutoka ndani ya magari. Mteja humharakisha kwa sababu anawahi meli Mkoani, kisha humlaumu kwa haraka hiyohiyo. Akitwishwa kila mkwaruzo, atapandisha bei ya kila kazi, na wateja wote watalipia ajali ya mmoja.

Dawa, basi, si kumkaba fundi. Dawa ni kupunguza ajali na kuondoa ubishi. Shuka kuukuu la kufunika viti halina gharama ya kutisha. Betri iwekwe chini, juu ya kipande cha ubao, isiwekwe kitini hata kwa dakika moja. Kabla ya kuchomelea, kapeti na viti vilivyo karibu viondolewe, na ndoo ya mchanga iwepo. Tindikali ikimwagika, papo hapo pamwagiwe maji mengi na maji ya magadi, kwani ikiachwa huendelea kula kitambaa. Doa la oili linyunyiziwe unga ulinyonye kabla ya sabuni, na petroli isitumike, kwani hutawanya uchafu na huleta moto.

La muhimu kuliko yote ni karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Gereji inayopokea gari iandike nambari yake, kilomita, kiasi cha mafuta, hali ya viti, dashibodi, kapeti na paa, vitu vilivyoachwa ndani, kazi iliyokubaliwa na ujira wake. Pande mbili zitie saini. Simu ya mkononi ipige picha 4 za ndani, mwenye gari na fundi wote wawe nazo. Shughuli hii haichukui dakika 10. Gari linaporudishwa, likaguliwe palepale kabla ya kuondoka, si kesho yake baada ya kupakia abiria.

Penye karatasi na picha, suluhu huwa nyepesi. Wengi Pemba hupeleka ugomvi wao kwa wazee au kwa sheha kabla ya kufikiria mahkama, na utaratibu huo ni mzuri kwa madai madogo. Lakini mzee naye hawezi kupima maneno matupu ya watu wawili. Suluhu ikishindikana, ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, chini ya sheria ya Zanzibar ya 2018 ya ushindani halali na kumlinda mtumiaji, na zipo mahkama. Kote huko swali la kwanza ni moja: ushahidi uko wapi?

Wapo mafundi watakaosema karatasi itawakimbiza wateja. Soko linaonyesha kinyume chake. Mwenye gari anaporudi mara ya pili, harudi kwa sababu ya bei peke yake. Hurudi kwa aliyemwamini. Gereji ya kwanza Chake Chake au Wete itakayompa kila mteja karatasi ya kupokelea gari, ikafunika viti vyake na ikalipa kwa uwazi pale ilipokosea, itapata wateja ambao punguzo la bei haliwezi kuwaleta.

Kwa mwekezaji mdogo ushauri ni huu. Anapopanga hesabu ya gari la biashara, mbali na matairi, oili na bima, aweke fungu dogo kwa matengenezo ya ndani. Amchague fundi kwa jinsi anavyolishika gari la mwenzake, si kwa ujira tu. Na asimkabidhi mtu funguo za mtaji wake bila maandishi, hata kama mtu huyo ni jirani au shemeji. Ujirani hauharibiwi na karatasi. Huharibiwa na kiti kilichoungua ambacho hakuna anayekubali kwamba kilikuwa kizima.