Ruhusa ya Kukosea

Msomaji aliyepitia shule zetu za zamani anakijua kibao. Ukinaswa unasema lugha ya nyumbani, unavishwa shingoni na kukaa nacho mpaka umnase mwenzako umpokeze. Jioni fimbo inahitimisha hesabu. Pengine asichojua ni kwamba katika karne ya 19 watoto wa Welisi nao walivishwa kibao kama hicho, kimechongwa herufi W.N., kwa kosa la kusema Kiwelisi. Haikuwa sheria ya serikali. Walimu ndio walioendesha mambo, na wazazi wengine waliridhia wakiamini kuwa Kiingereza ndicho ngazi ya kupandia.

Leo upepo umegeuka. Serikali ya Welisi inataka nchi iwe na wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050, na Kiwelisi ni somo la lazima mpaka umri wa miaka 16. Hata hivyo, sensa ya 2021 iliwakuta wasemaji wapatao 538,000, wakati ile ya 2011 ilikuwa imewahesabu 562,000. Upungufu huo ulionekana zaidi kwa watoto, wale wale wanaofundishwa lugha hiyo kila wiki.

Kasoro iko wapi? Rai yetu katika toleo hili ni kwamba mtoto hakosi maneno. Anakosa ruhusa ya kuyakosea.

Na Kiwelisi kina mitego. Paka ni *cath*. Paka wangu ni *fy nghath*. Paka wake, mwenyewe akiwa mvulana, ni *ei gath*. Akiwa msichana, ni *ei chath*. Sisi wenye ulimi na ndimi hatuna haki ya kushangaa, lakini mfikirie mtoto wa miaka minane ambaye nyumbani kwao husemwa Kiingereza tu. Kabla hajasema "paka wake" lazima apige hesabu. Akikosea, darasa linacheka, na tangu siku hiyo anajifunza kunyamaza.

Walimu wengi wa msingi wameliona hilo. Katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza kuna desturi ya *Helpwr Heddiw*, msaidizi wa leo. Kila asubuhi mtoto mmoja husimama mbele na kuwauliza wenzake kwa Kiwelisi: hujambo, unajisikiaje, hali ya hewa ikoje? Mwenye kuuliza ni mtoto, na zamu humfikia kila mmoja, hata yule mkimya wa nyuma. Ni mwanzo mzuri. Lakini maswali yakibaki yale yale mwaka mzima, na jibu likiwa kila siku kwamba mvua inanyesha, desturi hugeuka kasuku.

Kuna sentensi moja, hata hivyo, ambayo wengi huko huikumbuka hadi uzeeni, hata waliosahau mengine yote: *Ga i fynd i'r tŷ bach?* Naomba kwenda "nyumba ndogo". Msomaji asicheke, huko ni choo. Sentensi hiyo ilidumu kwa sababu mtoto aliihitaji kweli, na akiisema, mlango ulifunguliwa. Hakuna aliyemzuia mlangoni ili kwanza arekebishe sarufi. Basi siri ni kumwongezea mtoto haja za namna hiyo: aombe mpira kwa Kiwelisi, agombane na mwenzake juu ya zamu ya bembea, amweleze mpishi kwamba hapendi maharage.

Wahenga walisema kutenda kosa si kosa, kurudia kosa ndilo kosa. Katika maadili, sawa. Katika kujifunza lugha hapana: kosa litarudiwa mara ishirini kabla halijanyooka, na anayekatazwa kulirudia hatafika mara ya ishirini na moja.

Neno hili ni letu pia. Kibao cha mbao kimeondoka shingoni, lakini kicheko chetu kinafanya kazi ile ile kwa mtoto wa Nairobi anayejaribu Kiswahili mbele ya watu wa pwani, na kwa kijana wa kidato cha kwanza Tanzania anayejaribu Kiingereza. Tunawaomba walimu na wazazi jambo dogo. Kesho mtoto akikujia mbio na kusema "maji kimemwagika", futa maji kwanza.