Ajali ya Anayejifunza Baiskeli Ina Kinga

Mtu anapoanguka barabarani Dar es Salaam, hakosi wa kumliwaza kwa maneno matatu: ajali haina kinga. Maneno hayo yana nafasi yake mahali pa msiba. Katika chumba cha kliniki hayana. Mgonjwa wa miaka hamsini aliyeambiwa afanye mazoezi, akaazima baiskeli, kisha akavunjika mkono siku ya pili, hakupatwa na jambo lisilozuilika. Alipewa nusu ya dawa: aliagizwa aende, hakuelekezwa namna ya kwenda.

Agizo lenyewe ni sahihi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, na unawahusu pia wenye shinikizo la juu la damu na wenye kisukari cha aina ya pili. Baiskeli inawafaa hasa wale ambao magoti yao hayavumilii kukimbia, kwa sababu kiti hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili. Wapo hata waliobuni baiskeli isiyo na kiti, ambayo mwendeshaji huiendesha akiwa amesimama na kukanyaga kama anayekimbia, ila nyayo haziachi pedali. Bryan Pate wa Marekani, mwanamichezo aliyeumia nyonga na goti, alishirikiana na mhandisi Brent Teal kuunda chombo hicho, kiitwacho ElliptiGO, nacho kikaingia sokoni mwaka 2010. Huwapunguzia viungo kishindo cha kukimbia, lakini kwa kuwa mwendeshaji yuko juu zaidi na chombo ni kirefu, kona zake huhitaji nafasi pana na kuanza kwake huhitaji mazoezi ya peke yake. Somo ni lile lile kwa baiskeli zote: chombo kinachookoa goti kinaweza kuvunja nyonga ya asiyefundishwa.

Sasa tazama mahali ambapo mgonjwa wa Kivukoni anatarajiwa kujifunza. Asubuhi, abiria wa Kigamboni wanashuka kwenye kivuko kwa wingi, wengine wakisukuma baiskeli. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza safari mwaka 2016, yanaingia na kutoka kituoni. Bodaboda na bajaji zinagombea upenyo. Akielekea Kariakoo anakutana na mikokoteni, maguta na bidhaa zilizopangwa hadi ukingo wa lami. Anayejifunza ana kazi ya kutosha kuusimamisha mwili wake juu ya magurudumu mawili. Akiongezewa kazi ya kukwepa magari, atashindwa zote mbili.

Kuna pia aibu, ambayo haiandikwi kwenye faili la mgonjwa. Mtu mzima, na zaidi mama wa makamo, huona haya kuonekana akiyumba mbele ya vijana. Hivyo hujifunza gizani, au hutaka kumaliza somo la wiki mbili kwa siku moja. Mhudumu asiyeiuliza aibu hiyo hawezi kuitibu.

Mpango salama haugharimu fedha nyingi. Mahali pawe tambarare, pasipo magari: uwanja wa shule kwa ruhusa ya mwalimu, au eneo la wazi Jumapili alfajiri, wakati katikati ya jiji pametulia na jua halijakaza. Somo la kwanza ni breki. Mwanafunzi atembee kando ya baiskeli na kubana breki zote mbili taratibu, mpaka vidole vizoee. Breki ya mbele ikibanwa peke yake kwa nguvu huweza kumrusha juu ya usukani. Somo la pili ni mizani: kiti kishushwe hadi nyayo zote ziguse chini, pedali zifunguliwe kama inawezekana, na mwanafunzi ajisukume kwa miguu huku macho yakitazama mbele. Pedali hurudishwa akiweza kuteleza bila kuyumba. Baadaye ajifunze kugeuza kichwa kutazama nyuma na kutoa mkono kuonyesha ishara. Barabara ndiyo darasa la mwisho. Njia ya mabasi ya mwendokasi si darasa hata kidogo.

Mavazi nayo ni sehemu ya maelekezo. Kanga, baibui na suruali pana hunaswa na mnyororo au spoku, kwa hiyo zifungwe au zibadilishwe. Kofia ngumu ivaliwe tangu siku ya kwanza. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliofanywa na Olivier na Creighton ulionyesha kuwa uwezekano wa jeraha la kichwa hupungua kwa takriban nusu kwa anayevaa, na wa jeraha kubwa la kichwa hupungua zaidi ya hapo.

Kisha uje mwili wenyewe. Mwenye shinikizo lililofika 180 kwa 110 akiwa amepumzika aahirishe na arudi kliniki. Anayetumia insulini au glibenklamidi asipande akiwa na njaa, na abebe sukari mfukoni. Mwenye kisukari avae viatu vya kufunika, na akague nyayo zake akirudi. Kipimo cha nguvu ni sauti: akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, kasi inatosha. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni amri ya kusimama na kutafuta huduma.

Wahudumu watasema kliniki imejaa na dakika ni chache. Ni kweli. Lakini mazungumzo ya elimu ya afya ya asubuhi, wakati wagonjwa wanasubiri kwenye mabenchi, yanatosha kwa hayo yote, na mtaalamu wa fiziotherapia anaweza kuonyesha kwa baiskeli moja. Chumbani yabaki maswali manne: Umewahi kuendesha? Utajifunzia wapi? Nani atakushika? Unatumia dawa gani? Muda huo ni mfupi kuliko wa kufunga plasta.

Wengine watasema jiji hili halijajengwa kwa ajili ya baiskeli. Hoja hiyo ina uzito, na wanaopanga barabara wanapaswa kuijibu kwa kutenga njia na kuzilinda zisigeuzwe maegesho au njia za bodaboda. Hata hivyo, mgonjwa hawezi kuahirisha shinikizo lake mpaka barabara zikamilike. Anachoweza kupewa leo ni mahali, mpangilio na mtu wa kumshika. Mhudumu anayeandika neno “mazoezi” kwenye kadi aandike chini yake mistari hiyo mitatu, kama anavyoandika kipimo chini ya jina la kidonge.